Sukari Ndani ya Kabureta

Siku ya tatu ya msiba wa Mama Mkubwa Zuwena, wageni walipokwisha kula na kurudi makwao, nilibaki jikoni na binti yake Moza tukiosha vikombe vya kahawa. Sote wawili sasa ni watu wazima wenye miwani na magoti yanayolia. Yeye alisugua, mimi nilisuza, mpaka akaniuliza bila ya kunitazama, "Nasra, ule mwaka wa pikipiki, wewe ulinidhania mimi?" Nikamwambia, "Ndiyo, nilikudhania. Na wewe?" Akasema, "Mimi nilikuona mchawi, wallahi." Tulicheka mpaka kikombe kikamponyoka, kisha tukanyamaza ghafla, kwa sababu chumba cha pili kitanda kilikuwa kimeshaondolewa godoro, na mtu aliyekuwa na haki ya kusema neno juu ya mwaka ule alikuwa hayupo tena. Tangu siku hiyo mwaka ule haunitoki kichwani, na nimeona bora niuandike kama ulivyokuwa, na makosa yangu yakiwemo.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilipata nafasi chuoni katika mji wa Ibra, Oman, nikasomee ukarani, na kwa kuwa nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa karibu na chuo, mama yangu alinileta kutoka Maskati na sanduku moja, akaniacha kwa dada yake. Ilikuwa nyumba ya vyumba vilivyopangana pande mbili za ukumbi mrefu, na mwisho wa ukumbi jiko, na ubavuni mwa jiko stoo isiyo na dirisha, iliyojaa magunia ya mchele, mitungi ya gesi na masufuria makubwa ya harusi. Mimi na Moza tulilala chumba kimoja. Moza alikuwa amenizidi miaka minane, ameachika mwaka mmoja nyuma, na alikuwa na tabia ya kukunja nguo zake mraba sawasawa na kuzihesabu kwa macho kila anapofungua kabati. Jikoni nilipewa kazi ya chai. Mama Mkubwa aliyasema hayo siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha Mjini, cha visiwani alikozaliwa, ambacho hakikupata kubadilika hata baada ya miaka yote ya Oman: "Mwanangu, chai na kopo la sukari ni amana yako. Mie sukari daktari kanikataza, hata sitaki kuiona." Nikalishika lile kopo jekundu kama mtu aliyekabidhiwa funguo za mji.

Pikipiki ilikuwa ya Khalfan, ndugu yake Moza. Kazini kwake walimpeleka Uingereza kwa mafunzo ya miezi sita, naye akaondoka mwanzo wa baridi, ndiyo kwanza hewa ya kwetu ilipokuwa imetulia na watu wenye pikipiki wanaanza kwenda Bidiyah na Sinaw kwa starehe. Siku moja kabla ya safari aliiosha kwa mpira wa maji mpaka ikang'aa, akaifunika shuka la mawaridi, akaiegemeza uani chini ya tangi la maji, akatuambia, "Asiiguse mtu." Miezi sita ile hakuna aliyeigusa. Nilikuwa naanika nguo kando yake kila siku, na yale mawaridi nikayazoea kama samani ya nyumba.

Alirudi joto lilipoanza. Siku ya pili, baada ya chai ya asubuhi, alifunua shuka, akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena, mara kumi, mara ishirini, mpaka fulana yake ikamganda mgongoni. Akabadilisha betri, haikuwaka. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini huku akipiga kiki, na sote tuliosimama mlangoni tuliona cheche ya buluu ikiruka. "Moto upo," alisema. "Basi kwa nini haiwaki?" Akaenda kumleta fundi Bashiri kutoka sanaiya, ule mtaa wa magereji nje ya mji. Bashiri alikuwa Mbalushi wa makamo, mwenye mikono myeusi ya mafuta na sauti ndogo. Alichuchumaa, akalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli kidogo ilimwagika kiganjani mwake, na ndani yake chembe nyeupe, nne au tano. Alizisugua kwa kidole gumba, akazitazama juani. "Hadha sukkar, ya Khalfan," alisema. Hii sukari. Akasema mtu akitaka kuiua injini hutia sukari kwenye tangi, na kwamba pikipiki iende gereji ikafunguliwe yote, naye ataituma gari ya kuichukua akipata nafasi.

Nilimwona Moza akigeuza kichwa, polepole, akanitazama mimi. Kisha Mama Mkubwa naye akanitazama. Kisha Khalfan, ambaye alikuwa amechuchumaa kando ya Bashiri, akainua macho. Nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe, na katikati ya sinia, pamoja na birika, kulikuwa na lile kopo jekundu.

Lazima niseme kwa nini macho yote yalinijia mimi. Wiki moja kabla ya Khalfan kurudi, wazee walipeleka posa Al Qabil, kwa binti wa watu wenye mashamba ya mitende, na posa ikakubaliwa. Kabla ya hapo kulikuwa na minong'ono kwamba Mama Mkubwa kanichukua nyumbani kwake ili anichunguze, kwa ajili ya mwanawe. Mimi sikumpenda Khalfan. Alikuwa mtu mwema, lakini alikula kwa haraka na alizungumza habari za mashine tu. Hata hivyo nikisema sikuumia nitakuwa naongopa. Sikumtaka, ila nilitaka kutakwa, na posa ilipokwenda kwa mwingine nilikuwa kimya kwa siku kadhaa. Kimya kile kila mtu alikiona, na sasa kilikuwa kimepata maana.

Kiyoyozi cha chumba cha Mama Mkubwa kilikuwa kibovu. Kila baada ya muda kilijizima kwa kishindo, na kwa dakika tano maneno ya mle ndani yalisikika ukumbini kama yanasemwa sikioni mwako. Mchana wa siku ile, wakati wa kulala, nilikuwa napita na ndoo, kiyoyozi kikazima. Moza alikuwa anasema, "Mama, tangu posa ilipokwenda Al Qabil mtoto yule hajacheka. Na kopo analishika nani? Kila wiki sukari inakwisha. Sisi wanywaji watatu tu, na Khalfan hakuwepo. Inakwenda wapi?" Nikangoja Mama Mkubwa aseme kitu. Nilimjua, nilijua atamkaripia. Kisha nikamsikia akisema, taratibu, "Mie sijui, mwanangu. Mungu ndiye ajuaye." Na Moza akasema, "Basi tumpigie mamake aje amchukue." Mama Mkubwa akajibu, "Tungoje kidogo. Tusiharakishe." Kiyoyozi kikaanza tena kunguruma, na mimi nikabaki pale na ndoo yangu. Mtihani wangu wa mwaka ulikuwa baada ya wiki tano. Kama ningerudishwa Maskati kwa jina la hasidi aliyetia sukari kwenye pikipiki ya binamu yake, mama yangu asingenirudisha chuoni tena.

Siku zilizofuata nilijifunza jinsi nyumba inavyoweza kukutoa bila ya kukufukuza. Moza akaanza kufunga kabati lake kwa ufunguo. Chai niliyoipika walikunywa, lakini kwanza kila mmoja alinusa. Chakula cha mchana tulikula sinia moja kama kawaida, wali na mchuzi wa papa, lakini upande wangu wa sinia ulikuwa mpana kuliko zamani, kwa sababu Moza alisogea. Khalfan hakuniambia neno baya. Alinisalimia kwa adabu iliyozidi, kama mtu anayemsalimia askari, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nami nikaanza kuwatazama wao. Nikajiuliza: ikiwa si mimi, ni nani? Na jibu likaja lenyewe, na nilipolipata nililifurahia. Moza. Moza aliyeachika, aliyekuwa akinionea choyo cha chumba, aliyehesabu nguo. Nani mwingine aliyejua kopo ni langu? Nani aliyenitazama wa kwanza, kabla hata ya Bashiri kuinuka? Nikaanza kumchunguza anavyotembea, anavyofungua milango, anachokitia mfukoni. Akienda msalani niliangalia saa. Usingizi wake wenyewe niliushuku.

Nikatega mtego. Asubuhi moja nilisawazisha sukari ndani ya kopo kwa mgongo wa kijiko, kisha kwa kibanio cha nywele nikachora juu yake herufi ya jina langu. Adhuhuri nilipofunua, herufi haikuwepo, na pamechimbwa shimo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, wakati watu wanalala mchana, nilimwacha Moza kitandani amefumba macho, nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la mchele na mlango nimeuacha wazi kiasi cha unene wa mkono. Nilichukua na kile kijitabu cha pikipiki, ambacho Khalfan alikitupa dirishani kwa hasira, nipitishe muda kwa mwanga wa ufa ule. Kilikuwa na picha nyingi na maelezo ya Kiarabu na Kiingereza. Nikasoma juu ya kuhifadhi pikipiki muda mrefu: funga koki ya petroli, mwaga petroli yote iliyomo kwenye kabureta, usielekeze maji ya mpira kwenye kifuniko cha tangi. Nikakumbuka yale maji ya mpira, siku moja kabla ya safari. Nilikuwa bado nalifikiri hilo niliposikia kandambili.

Hazikuwa za Moza. Mama Mkubwa alikuja kwa kujishikiza ukutani, mtandio begani, akachukua kopo juu ya rafu ya jiko kama mtu anayejua giza la nyumba yake. Alitia vijiko vitatu katika kikombe cha chai baridi iliyobaki asubuhi. Akakoroga taratibu kijiko kisigonge. Akanywa akiwa amesimama, macho kafumba, kisha akalowesha kidole, akakipitisha chini ya kikombe, akakilamba. Alipomaliza alisuza kikombe, akakifuta kwa kanga yake, akakirudisha mahali pake. Nilibaki nimeshika kijitabu kifuani. Kwanza nilimwonea huruma. Halafu nikayakumbuka yale maneno ya chumbani, "Mie sijui, mwanangu," na huruma ikaniganda. Alijua sukari inakwenda wapi. Alijua, na akaacha jina langu likae mahali pa jina lake, kwa sababu pale lilimfaa.

Mpaka hapo niliujua ukweli wa kopo, lakini wa pikipiki bado. Huenda Moza katia sukari kweli, nilijisemea. Ya kopo ni habari nyingine. Sikuwa tayari kumwachia Moza hivi hivi. Nilipokuwa natoka stoo mguu wangu ukagonga sufuria moja ya harusi, ya alumini, iliyosahauliwa na maji kidogo chini. Maji yalikuwa yamekauka, na mahali yalipokuwa pameota chembe nyeupe, ngumu, kama sukari. Nilichuchumaa nikazikwangua kwa ukucha. Nikatia maji katika bilauri, nikazitumbukiza. Hazikuyeyuka. Nilikoroga mpaka mkono ukachoka, zikazunguka zikatua chini vilevile. Basi huenda na zile za kabureta zilikuwa kutu ya chuma cha namna hii, si sukari. Nilitoka uani juani, nikalegeza ile skrubu ya Bashiri kwa bisibisi ya Khalfan, nikakinga petroli katika chupa ya jamu. Ilikuwa na rangi ya chai na harufu ya rangi ya mlango. Ilipotulia, chini yake pakajitenga kitone cha maji, kimejiviringa peke yake, na ndani ya kitone zile chembe.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, kabla ya mikono kuoshwa, nilileta bilauri mbili za maji na ile chupa, nikaziweka mkekani mbele ya sinia. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyopanga. Nilisema, "Nimesikia yanayosemwa. Nataka mtazame." Nikatia sukari ya kopo katika bilauri ya kwanza, nikakoroga, ikapotea. Nikatia chembe za kabureta katika ya pili, nikampa Khalfan kijiko. "Koroga wewe." Alikoroga. Aliinua bilauri dirishani, akaitazama muda mrefu, akakoroga tena.

"Hii si sukari," alisema.

"Si sukari. Ni kabureta yenyewe imeota kutu nyeupe, kama sufuria za stoo. Maji yameingia kwenye petroli. Tazama chini ya chupa." Kisha nikamuuliza, "Nani aliyeiosha kwa mpira na koki ya petroli akaiacha wazi?"

Khalfan aliweka bilauri chini. Uso ulimwiva mpaka masikioni. "Mimi," alisema. "Lahaula. Mimi mwenyewe." Akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu siku ya Bashiri, akasema, "Nisamehe, dada yangu." Na pale ningeweza kuacha. Nimejiambia mara nyingi kwamba pale ilikuwa imetosha. Hakuna aliyetia kitu. Si mimi, si Moza ambaye nilimtia hatiani moyoni kwa wiki nzima kwa ushahidi usiozidi wake yeye juu yangu. Lakini Moza hakuwa mtu wa kuacha hesabu wazi. Alisema, "Haya, pikipiki tumeijua. Na sukari ya kopo? Hiyo nayo imeota kutu?"

Nilimtazama Mama Mkubwa. Alikuwa ameinamia sinia, anaokota punje za wali moja moja, anazikusanya mbele yake. Nilimngoja. Naapa nilimngoja, niliziacha punje tatu, nne, tano ziokotwe. Alijua namtazama, kwa sababu mkono wake ulisita. Kisha ukaendelea kuokota. Nikasema, "Sukari muulizeni Mama Mkubwa. Anakunywa mchana mkilala."

Moza alicheka kwanza, kicheko kifupi. Kisha akamwona mamake usoni, na kicheko kikafa. "Mama?" Mama Mkubwa hakuinua kichwa. "Mama, si daktari kakwambia?" Khalfan akainuka, akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono wenye wali. Ndipo yule mzee akasema, kwa sauti kavu, "Ni kweli. Nyumba nzima inanichunga kama mwizi, nikaona bora niwe mwizi." Walimwinua wakampeleka chumbani. Moza akamvua kandambili na soksi amnyooshe miguu, nikamsikia akipiga ukelele: kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda, cheusi pembeni, alichokificha kwa soksi sijui tangu lini.

Mimi sikufuata. Sikuwa na mahali mle chumbani. Nilitoka uani, na kwa kuwa mikono ilihitaji kitu cha kufanya, nilifuata kile kijitabu ukurasa kwa ukurasa. Nilifunga koki, nikaifungua kabureta, nikaikausha kwa kitambaa, nikakwangua kutu. Kitundu kidogo cha petroli kilikuwa kimeziba. Nilichukua unyuzi mmoja wa shaba kutoka waya wa taa mbovu, nikautia nikauzungusha mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nilimwaga petroli kuukuu, nikatia mpya ya dumu la Khalfan, nikaisugua plagi kwa msasa. Nikapandisha dera langu, nikapiga kiki. Mara ya sita iliwaka. Ilinguruma mpaka njiwa wa juu ya tangi wakaruka. Nilisimama pale nimeshika mkono wa kuongezea mafuta, natetemeka nayo, nikageuka kuutazama mlango. Hakuna aliyetoka. Ndani walikuwa wanatafuta kitambulisho cha hospitali. Baada ya dakika moja nikaizima, kwa sababu nilisikia kelele zake zinawasumbua.

Mama Mkubwa alilazwa siku tisa. Walikikata kile kidole, na daktari aliwaambia kwamba wiki mbili zaidi angeukosa mguu. Moza aliniambia hayo akiwa ameketi kitandani kwake, kabati lake liko wazi, nami nikamwambia nilivyomshuku, yote, hata ile ya kuangalia saa. Alikunja nguo moja, akaikunjua, akaikunja tena. Khalfan aliniletea kisanduku chake cha spana, akasema nikae nacho. Lakini mzee aliporudi hakuniitikia. Kila asubuhi nilisimama mlangoni pake, "Shikamoo, Mama Mkubwa," naye akageuza uso ukutani. Nilifanya mtihani wangu, nikapita. Niliomba chuoni nihamishwe ukarani niingie darasa la ufundi wa mitambo, ambalo wasichana tulikuwa wawili tu, na nikaomba bweni.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Chumba kilikuwa na harufu ya dawa na udi. Kiyoyozi kipya kilikuwa hakina sauti kabisa. Alikuwa ameketi, mguu uliofungwa juu ya mto, na mara hii alinitazama.

"Mwanangu," alisema, "ungeniambia faraghani."

Nilikuwa nimejipangia kuomba radhi. Nilikuja nayo mdomoni, nimeirudia ukumbini. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine. "Na wewe, Mama Mkubwa, ungewaambia hadharani."

Nilidhani atanifukuza. Alinitazama, midomo ameibana, na machozi yakamjaa bila ya kuanguka. Kisha akapapasa kitanda kwa mkono, mara mbili, pale karibu na mguu wake.

"Kaa," alisema. "Nimechoka kumtazama mtu aliyesimama."

Nikakaa. Tulikaa hivyo mpaka Moza alipokuja kuniambia gari limefika, na sanduku langu ameshalitia ndani yeye mwenyewe.